Kiongozi Anayeisubiri "Ila"

Katika kazi ya wakala wa forodha, ambayo nimeifanya hapa Dar es Salaam tangu nilipotoka chuoni, hesabu kubwa kuliko zote ni hesabu ya siku. Meli ikishashusha mzigo, mteja hupewa siku chache za bure, na zikiisha, bandari huanza kutoza gharama ya kuuhifadhi mzigo huo na kampuni ya meli nayo huanza kutoza gharama ya kukaliwa kontena lake. Tozo hizo huhesabiwa kwa siku, na kadiri siku zinavyosogea ndivyo kiwango kinavyopanda. Kwa hiyo mtu aliyeizoea kazi hii akikumbuka jambo lililoharibika, hukumbuka kwanza idadi ya siku zake.

Mimi nakumbuka siku tisa. Miaka mingi iliyopita, katika kampuni niliyoanzia kazi, kontena la vifaa vya ujenzi la mteja wetu mmoja lilikaa bandarini siku tisa zaidi ya ilivyopaswa, kwa sababu karani mwenzetu alikosea uzito wa mzigo katika tamko la forodha, yaani maelezo ya mzigo yanayowasilishwa kwa watu wa forodha, akaligundua kosa lake jioni ya siku ileile, na akanyamaza. Hakuwa mzembe. Alikuwa kijana mwangalifu ambaye hata chai yake aliinywa mbali na makaratasi. Alinyamaza kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo alimwona bosi wetu akimtupia mwenzake faili mbele ya wateja na kumuuliza kama shuleni alikwenda kusoma au kusindikiza wenzake. Basi akaamua kulitafutia kosa lake dawa ya kimyakimya. Kila asubuhi alikwenda bandarini, kila jioni alirudi akieleza kwamba mfumo wa forodha unasuasua, na bosi aliridhika na maelezo hayo kwa sababu yalitolewa kwa unyenyekevu, mikono ikiwa nyuma. Siku ya tisa mteja mwenyewe aliingia ofisini akiwa na karatasi ya tozo mkononi.

Jambo lililonikaa moyoni hadi leo ni kwamba sisi wengine tulijua. Tulikuwa makarani watano katika chumba kimoja, na kufikia siku ya pili hakuna aliyekuwa hajui. Aliyekuwa hajui ni mtu mmoja tu, naye ndiye pekee aliyekuwa na mamlaka ya kulimaliza jambo lile kwa barua moja ya maombi ya marekebisho.

Tangu wakati huo, kila nikimtazama mtu aliyepewa watu wa kuwaongoza, hujiuliza habari mbaya humchukua muda gani kumfikia. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu tabia za viongozi bora, kwamba huamka mapema, huwa na maono, hupanga vipaumbele na huzungumza kwa kujiamini. Sina ugomvi na hayo. Lakini nimewaona viongozi wenye sifa hizo zote wakiendesha idara ambazo ukweli hupanda ngazi kwa shida, na nimeshuhudia namna kazi zao zilivyoharibika huku wao wakiwa na hakika kwamba mambo ni shwari.

Kiswahili chetu kina jina la hali ile tuliyokuwamo: nidhamu ya woga. Ukiingia katika ofisi yenye nidhamu ya woga kwa mara ya kwanza, utaisifu. Watu wako mezani kwa wakati, sauti ziko chini, mkubwa akipita wanasimama, na kila agizo hujibiwa "sawa, mkuu" kabla halijamalizika kutolewa. Wengi wetu tumelelewa hivyo nyumbani na shuleni, tukaambiwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi siyakatai malezi hayo kwa sababu yamenifaa. Ninachosema ni kwamba ofisini guu linaweza kumvunjika mkuu pia, pale asiposikia la mdogo, na wadogo wake hawatapiga kelele kumwonya iwapo aliwafundisha kwamba kelele zao ni utovu wa adabu.

Wala madai ya kwamba kiongozi wa kazi asiwadharau walio chini yake hayakuletwa mjini hapa na washauri wa siku hizi. Mwaka 1971 TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ya waraka ule iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka miwili iliyofuata, wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliacha kazi wakidai kwamba mameneja wao wameikiuka ibara hiyo, na baadhi ya migomo hiyo haikuhusu mishahara hata kidogo, ilihusu namna watu wanavyosemeshwa. Nikiwasikia vijana wa leo wakilalamika kwamba bosi anawafokea kama watoto, huona kwamba wanaendeleza madai ya babu zao waliofanya kazi kandokando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo tunaiita Barabara ya Nyerere.

Katika kampuni ya pili niliyofanyia kazi niliongozwa na mama mmoja ambaye kwake ndipo nilipojifunza kwamba hali ile si lazima. Hakuwa mpole kwa namna ambayo watu hudhani. Alikuwa na uso wa kazi, hakucheka ovyo, na barua za onyo aliziandika pale zilipostahili. Hata hivyo, katika miaka minne niliyokuwa chini yake, sikumbuki kosa lolote kubwa lililolala siku mbili bila yeye kulijua.

Alifika ofisini saa moja na robo asubuhi, dakika arobaini na tano kabla ya muda wa kazi, na hakuitumia nafasi hiyo kujifungia. Alipita meza kwa meza. Aliitikia shikamoo ya kila mmoja kwa jina lake, kisha akauliza habari za kazi, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo ilinichukua mwaka mzima kulielewa. Kila Mswahili anajua kwamba swali la habari lina jibu lake tayari. Ukiulizwa habari za nyumbani utasema nzuri, hata kama mtoto yuko hospitalini, kisha baada ya pumzi moja utasema: "Nzuri, ila mtoto ameamka na homa." Adabu hutangulia na ukweli hufuata nyuma yake. Viongozi wengi huondoka wakiwa wamepata "nzuri" tu, kwa sababu wana haraka, na wakifika kwenye mkutano wa wakubwa zao wanaripoti kwamba mambo ni mazuri. Mama yule aliisubiri "ila". Alisimama pale mezani, akanyamaza, akakutazama bila ukali, na kimya chake kilikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtu kusema: "Nzuri, mama, ila lile kontena la jana nadhani nimekosea jina la mpokeaji."

Pale ambapo "ila" haikuja yenyewe, aliuliza swali la pili, ambalo siku zote lilikuwa moja: "Leo kuna jambo gani linaloweza kutukwamisha?" Naomba msomaji alilinganishe swali hili na lile tulilolizoea, "kila kitu kiko sawa?" Anayeuliza kama kila kitu kiko sawa ameshaonyesha jibu analolitaka, na mdogo wake atampa hilohilo kwa heshima. Anayeuliza kuhusu vikwazo ameshakubali kwamba vipo, kwa hiyo anayevitaja anajibu swali tu, wala haonekani mlalamishi.

Tabia yake nyingine ilihusu sentensi ya kwanza. Mtu akimletea habari mbaya, bila kujali ukubwa wake, alianza kwa maneno haya: "Umefanya vizuri kuniambia. Tuna muda gani?" Baada ya hapo jambo lilishughulikiwa. Swali la nani amekosa, na kwa nini, aliliacha hadi moto uzimwe, na mara nyingi aliliuliza siku ya pili, mlango ukiwa umefungwa. Nimefikiri sana kuhusu mpangilio huo. Mtu anayeleta habari ya kosa lake huwa ameipima njia nzima, na katika sekunde za kwanza husikiliza jambo moja tu, kama amejiponza au hakujiponza. Kiongozi akianza kwa "ilikuwaje ukafanya upuuzi huu," hata kama dakika tano baadaye atatulia na kusaidia, somo limekwisha kutolewa, na wanaolisoma ni wote walioko chumbani.

Katika kazi yetu faida ya mpangilio huo ilihesabika kwa fedha. Kosa likionekana kabla tamko halijatumwa, hurekebishwa kwa dakika chache. Likionekana baada ya kutumwa, huhitaji maombi ya maandishi, maelezo na kusubiri, na pengine faini juu yake. Likigunduliwa na mkaguzi wa forodha, mwenye mzigo huanza kutiliwa shaka hata katika mizigo yake mingine. Kosa ni lilelile katika hali zote tatu, gharama yake hubadilika kulingana na siku ambayo limesemwa, na siku hiyo huamuliwa na sura ambayo karani anatarajia kuiona akilisema.

Kuna watu ambao wakisikia haya husema kwamba ukiongoza hivyo watu watakupanda kichwani. Hofu hiyo naielewa, na ningependa kuijibu kwa uzito. Mama yule aliyatenganisha makosa mawili ambayo ofisi nyingi huyachanganya. Kukosea katika kazi lilikuwa kosa la kwanza, na adhabu yake ilitegemea uzito, marudio na uzembe uliokuwamo. Kuficha lilikuwa kosa la pili, na hilo hakulisamehe. Mwenzetu mmoja aliyebadilisha tarehe kwenye nakala ili ucheleweshaji wake usionekane alipewa barua siku hiyohiyo, ingawa ucheleweshaji wenyewe ulikuwa wa nusu siku. Sote tukaelewa. Katika ofisi ile kusema kulikuwa na nafuu kuliko kuficha, wakati katika ofisi niliyotoka kuficha ndiko kulikokuwa na nafuu, na watu wazima wenye akili timamu hufuata nafuu ilipo.

Tena hakuwa na wapambe. Hili nalisisitiza kwa sababu viongozi wengi, wakigundua kwamba hawaambiwi ukweli, hujitafutia watu wa kuwapelekea maneno, mmoja katika kila chumba, na huamini kwamba sasa wana masikio. Wanachopata ni umbea. Mpambe huleta habari za wenzake, huzipima kwa chuki na upendeleo wake, na wenzake wakimjua huacha kuzungumza akiwapo, kwa hiyo ukimya huongezeka mara mbili. Mtu akienda kwa mama yule na neno la mwenzake, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwenzako yupo? Mwite tuzungumze wote watatu." Baada ya miezi michache hakukuwa na aliyekwenda na neno ambalo hakuwa tayari kulisema mbele ya mhusika.

Na alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa mia mbili, lenye jalada gumu, na kila ombi au tatizo lililotajwa asubuhi aliliandika humo pamoja na jina na tarehe. Wapo viongozi wanaosikiliza kwa uso wa huruma kabisa na kusahau kabla hawajafika ngazini, na hao, kwa maoni yangu, huwavunja watu moyo kuliko wanaofoka, kwa sababu anayefoka angalau amesikia. Nakumbuka msimu mmoja wa masika, wapeleka nyaraka wetu walipoomba makoti ya mvua, kwa kuwa walikuwa wanakwenda na kurudi bandarini na karatasi zikiwa kifuani chini ya shati. Aliandika. Wiki iliyofuata alirudi kwao, akafungua daftari, akawaambia kwamba uongozi umekataa kwa mwezi ule na kwamba ataomba tena mwezi ujao. Makoti yalikuja mvua zikikaribia kuisha. Lakini wale vijana walikuwa wameshapata jambo ambalo hawakulizoea, yaani mkubwa kurudi kwao na jibu la hapana kabla hawajamfuata kulidai.

Nilipoanza kusoma masuala ya uongozi kwa utaratibu, niligundua kwamba jambo hili limechunguzwa mbali na ofisi zetu. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye uhusiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zilimwonyesha kinyume, kwamba timu zile ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba katika timu hizo watu walithubutu kuyasema makosa, na katika timu zenye viongozi wakali makosa yalifichwa. Niliposoma hilo nilikikumbuka chumba chetu cha makarani watano, ambacho kwenye makaratasi kilikuwa kisafi kuliko vyote jengoni.

Mfano wa pili uko hapahapa nchini. Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya vipengele 19 vya usalama wa upasuaji katika hospitali za miji minane duniani, na pamoja na Toronto, London, Seattle na New Delhi ilikuwamo Ifakara yetu, mkoani Morogoro. Orodha ile husomwa kwa sauti katika hatua tatu, kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kumpasua na kabla ya kumtoa chumbani, na mojawapo ya vipengele vyake humtaka kila aliyemo ndani ya chumba ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Matokeo ya hospitali zote nane kwa pamoja, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi, kuanzia dawa za kuzuia maambukizi hadi kuhesabu vifaa, na siwezi kudai kwamba majina pekee ndiyo yaliyoleta mabadiliko. Lakini naielewa sababu ya kukiweka kipengele kile. Muuguzi mdogo ambaye ameshatamka jina lake mbele ya daktari bingwa ameshafungua kinywa mara moja, na kukifungua mara ya pili, ili aseme kwamba hesabu ya vitambaa haijatimia, huwa kwepesi zaidi.

Mfano wa tatu hupita mikononi mwangu karibu kila wiki. Magari yaliyotumika tunayoyatoa bandarini kwa ajili ya wateja wetu mengi ni Toyota, na Toyota ndiyo kampuni iliyojulikana kwa kuweka kamba juu ya mstari wa kuunganishia magari, ili mfanyakazi yeyote akiona kasoro aivute. Akiivuta, msimamizi wake humwendea palepale alipo, na wasipoitatua kasoro kwa muda uliopangwa, mstari husimama. Msimamizi ndiye anayetembea kumfuata fundi, na kwangu hicho ndicho kiini cha mpango ule. Kamba bila mkubwa anayekuja kwa miguu yake na kusaidia ingekuwa pambo tu.

Hapa kwetu siku hizi kuna chombo kinachofanya kazi iliyo kinyume kabisa na kamba hiyo, nacho ni kundi la WhatsApp la ofisi. Chombo chenyewe hakina ubaya, na sisi tunakitumia kwa namba za makontena na ratiba za meli. Ubaya huanza pale kiongozi anapokigeuza uwanja wa kukaripia. Mtu amechelewa, anaandikiwa mbele ya watu thelathini. Mwingine amekosea hesabu, picha ya karatasi yake inarushwa kundini ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Maneno ya mdomo yalikuwa yanaisha yakishasemwa, ila haya hubaki kwenye simu ya kila mtu, husomwa tena usiku, hupigwa picha na kupelekwa kwingine. Nilipewa msimamizi wa namna hiyo kwa muda mfupi, na niliona jinsi kundi lilivyobadilika kuwa la alama za dole gumba pekee. Alidhani watu wanakubaliana naye.

Kuhusu kuchelewa, niseme jambo moja la mji huu. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Msimbazi hujaa, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi husimama. Anayekaa Kimara, ambaye jana alifika dakika kumi kabla ya muda, leo atafika saa tatu na nusu, ameloa hadi magotini. Kiongozi anayeanza kwa kuuliza amepita wapi hujifunza hali ya barabara na kuweza kuwapangia wengine. Anayeanza kwa kufoka humfundisha mtu yule kwamba kesho, ikinyesha tena, ni bora apige simu na kusema anaumwa.

Sheria sitaizungumzia kwa kirefu, ingawa nashangazwa na idadi ya wasimamizi ambao hawajawahi kuisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Likizo inahusika na hoja yangu kwa namna ambayo haisemwi sana. Mtu anapokwenda likizo kweli, mwenzake huikalia meza yake, hufungua mafaili yake, na yale yaliyojificha hujitokeza bila yeyote kushtakiwa. Nimejifunza kuwa makini na mfanyakazi ambaye hataki kamwe kwenda likizo, na pia na kiongozi anayemsifu kwa hilo.

Nilipopewa kitengo cha watu sita, nilikuwa na hakika kwamba nitaongoza kama mama yule. Sikuongoza hivyo. Nilikuwa na hofu ya wakubwa wangu, na hofu ile niliishusha kwa walio chini yangu bila kujua kwamba ninaishusha. Nilikuwa na msemo wangu, "sitaki hadithi, nataka mzigo," na niliuona kuwa ni msemo wa mtu wa kazi. Mwezi wa tatu, lori letu lililobeba mzigo wa kwenda Zambia liliharibika usiku karibu na Chalinze. Dereva alikaa na lori lile hadi saa nne asubuhi akitafuta fundi kwa fedha zake mwenyewe, na mimi nilizijua habari hizo kutoka kwa mteja, ambaye alisikia kwa dereva mwingine aliyepita njiani. Nilipompigia na kumuuliza kwa nini hakunieleza, alinyamaza kidogo kisha akanijibu kwa upole kabisa: "Bosi, ulisema hutaki hadithi."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiona nimekaa katika kiti cha yule bosi wa siku tisa, pengine bila kumtupia mtu faili, lakini nikiwa nimezuia habari kwa namna ileile.

Kurekebisha kulichukua karibu mwaka, na sehemu kubwa ya muda huo ilionekana kama hakuna kinachotokea. Nilianza kwa kuwaambia kosa langu mwenyewe kila Jumatatu, la kweli na la wiki ile, kwa mfano mteja niliyemwahidi tarehe ambayo sikuwa na uwezo wa kuitimiza. Mwanzoni walitazama chini, wakiona aibu kwa niaba yangu. Nilianza kupita mezani asubuhi, nikijizuia kuondoka baada ya "nzuri". Niliacha kujibu habari mbaya kwa simu nikiwa na hasira, na nikalazimika kujifunza kusema "nimesikia, nakupigia baada ya dakika kumi," kwa kuwa najua hasira yangu huchukua muda huohuo kupoa. Mtu wa kwanza kunijia alikuwa yule dereva. Aliniambia kwamba gurudumu moja halifai na kwamba asingependa kuondoka nalo. Mzigo ulikuwa wa haraka na mteja alikuwa ananipigia kila nusu saa. Nilimshukuru mbele ya wenzake, tukabadilisha gurudumu, tukachelewa saa tano, na maneno ya mteja niliyapokea mimi. Baada ya siku ile walianza kuja wengine.

Leo watano kati ya sita huniletea makosa yao wakati bado yanarekebishika. Wa sita ni kijana wa miaka ishirini na minane, hodari, mwenye mwandiko safi, anayesimama nikifika mezani pake hata nimwombe vipi akae. Katika miaka miwili hajawahi kuniletea kosa lake hata moja, na kazi yetu haina mtu wa kukaa miaka miwili bila kosa. Kwa muda mrefu nilimhesabu kuwa ndiye bora wa kitengo. Mwezi uliopita nilimsikia kwa bahati akimwambia mwenzake kwamba katika kazi yake ya kwanza alifukuzwa siku ileile aliyokiri kupoteza hati ya mteja. Jumatatu nitafika mapema, nitavuta kiti, nitakaa mimi kwanza ili naye aweze kukaa, na nitamuuliza habari za kazi.